Saa Sita Kasorobo

Mwaka 2016 bibi yangu mzaa baba alishuka kutoka Kibosho kwa gari la saa kumi na mbili asubuhi. Akafika Moshi mjini, akapanga foleni kwenye dirisha la kituo kimoja cha afya, na ilipofika saa nne alikuwa amerudishwa bila dawa zake za presha. Kadi yake ya bima ilisema amezaliwa tarehe 1 Januari 1952. Kompyuta ya dirishani ilisema amezaliwa tarehe 27 Desemba 1951.

"Bibi, hapa naona watu wawili," binti wa dirishani alimwambia. "Bima watamlipia yupi?"

Jioni akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za ng'ombe, na habari za mvua, akafika kwenye jambo lenyewe. "Mjukuu wangu, si wewe ndiye wa kompyuta? Hebu niambie. Mtu anaweza kuzaliwa mara ya pili bila mama yake kuwepo?"

Nilicheka. Alipotaja jina la kituo, nikaacha kucheka. Mfumo wa dirisha lile tuliujenga na kuutunza sisi, vijana watatu wenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani, si mbali na stendi kuu. Sehemu ya kusajili wagonjwa ilikuwa yangu. Kama kuna mtu aliyegusa siku ya kuzaliwa ya bibi, ni mimi.

Baba alinunua dawa kesho yake kwa fedha zake kwenye duka la dawa, na bibi hakudhurika. Lakini nilijua kwamba si kila mzee ana mtoto wa kununua dawa kesho yake. Nikaanza kutafuta kosa. Nilidhani nitarudi nyuma miezi minne tu, hadi wiki niliyoandika sehemu ile ya usajili. Nikaishia mwaka 1948.

*

Ili nieleze kilichotokea, inabidi nianze na kahawa.

Babu, mume wa bibi huyu, alifariki akiacha sanduku la bati lililojaa stakabadhi. Kila stakabadhi ina jina lake, namba yake ya uanachama, uzito wa kahawa, daraja, tarehe, na chini kabisa sahihi ya karani wa chama cha msingi. Utotoni niliziona kama takataka ambazo haziruhusiwi kutupwa. Nilipokuja kujifunza programu ndipo nikaelewa kwamba lile sanduku lilikuwa limeshanifundisha somo langu la kwanza.

Fikiria safari ya kahawa ya babu. Aliichuma ikiwa nyekundu, akaimenya ganda la nje, akailoweka, akaiosha, akaianika kwenye kichanja, kisha akaipeleka kwenye chama. Pale ikapimwa, na muda huohuo ikamiminwa pamoja na ya majirani. Kutoka hapo ikateremka Moshi kukobolewa na kupangwa kwa madaraja, AA, A, B na mengine, ikauzwa mnadani, ikaenda kupanda meli. Kahawa ya babu, kama kahawa ya babu, haikuwepo tena duniani. Kilichobaki kuwa chake ni maandishi. Malipo ya awali, na baadaye malipo ya pili, yalipigiwa hesabu na mtu ambaye hakuwahi kuiona kahawa ile wala kumwona babu, kutokana na maneno machache kwenye karatasi.

Utaratibu huo ulipiganiwa. Mwaka 1925 wakulima wa mlimani walianzisha Kilimanjaro Native Planters Association, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake, wakati walowezi wengi hawakutaka kabisa Mwafrika alime zao lilelile wanalolima wao. Mwaka 1933 likaja KNCU, chama kikuu kilichounganisha vyama vya msingi vya mlima mzima. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu nchi nzima, na vikarudi baada ya sheria mpya ya ushirika ya 1982. Vichwa vya stakabadhi za babu hubadilika kufuata historia hiyo. Safu hazibadiliki: jina, namba, uzito, daraja, tarehe.

Kuna karatasi chache za zamani zaidi, za baba yake babu, ambazo uzito wake ni wa ratili. Mtoto nilizisoma kama kilo, nikamwambia babu kwamba baba yake alivuna kuliko yeye. Babu akaniangalia kwa huruma. Karatasi haikuandika "ratili" mahali popote. Haikuhitaji. Karani aliyeandika na karani aliyesoma walijua wote. Mimi, niliyekuja miaka hamsini baadaye, sikujua, nikajaza pengo kwa nilichokizoea.

*

Programu iliyoandikwa kwa Java hufanya kazi na vitu. Mgonjwa ni kitu chenye jina, jinsia, namba ya kadi na tarehe ya kuzaliwa. Kitu hicho huishi ndani ya kumbukumbu ya seva na hakiwezi kutoka humo, kama vile kahawa iliyokwisha kumiminwa isivyoweza kurudi Kibosho. Binti wa dirishani anatumia kivinjari kwenye kompyuta nyingine. Ili amwone mgonjwa, seva lazima imwandike mgonjwa huyo kama maandishi, iyatume, na upande wa pili yajengwe upya kuwa kitu. Akibadilisha namba ya simu na kubonyeza "hifadhi", safari inaanza upya kurudi: kitu kinakuwa maandishi, maandishi yanakuwa kitu. Hakuna kinachosafiri isipokuwa stakabadhi.

Wenye Java wenyewe walipenda kahawa. Lugha hiyo, iliyobuniwa na James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems, mwanzoni iliitwa Oak, jina la mti. Ilipotangazwa mwaka 1995 ilikuwa imepewa jina la kahawa ya kisiwa cha Java, na nembo yake ikawa kikombe kinachofuka moshi. Kila faili la Java lililokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya mashine huanza na herufi CAFEBABE. Na vile vitu vya kawaida vinavyobeba jina, namba na tarehe, waliviita punje, kwa maana ya punje za kahawa. Mchagga anayejifunza Java anaweza kudhani ametumwa shambani.

Mwaka 1997 Java ilipata njia yake ya kwanza ya kugeuza vitu kuwa mfululizo unaoweza kutumwa. Tatizo ni kwamba Java pekee ndiyo iliyoweza kuusoma. Ni sawa na stakabadhi iliyoandikwa kwa fumbo ambalo karani mmoja tu analijua. Mwaka 1998 ikatoka XML, ambayo kila mtu angeweza kuisoma, ila ilikuwa na maneno mengi: kila kitu kinafunguliwa kwa jina lake na kufungwa kwa jina lake, mpaka uzito wa gunia unashinda kahawa iliyomo. Kisha mwaka 2001 Douglas Crockford na mwenzake Chip Morningstar, huko Marekani, wakaanza kutuma data kwa namna ambayo JavaScript tayari iliandika vitu vyake: mabano, nukta mbili, mkato, basi. Namna hiyo ndiyo JSON. Crockford amekuwa akisema kwamba hakuibuni, aliikuta tu ikiwa pale. Mwaka 2006 ikaandikiwa waraka rasmi, RFC 4627, wenye kurasa chache sana.

Halafu zikaja maktaba za programu za kufanya ugeuzaji huo ndani ya Java: Gson ya Google mwaka 2008, na Jackson ya Tatu Saloranta, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2009. Uzuri wake ni kwamba huandiki kitu. Unaikabidhi Jackson ile punje yako, inaikagua sehemu moja moja, inakutolea JSON. Unaikabidhi JSON, inakurudishia punje. Kazi ya siku nzima inaisha kwa mstari mmoja. Mstari huo ndio niliouandika, na nilipoona majina yanatokea dirishani bila shida, nikaenda kula.

*

JSON ina aina chache za vitu. Ina maandishi, namba, kweli na si kweli, utupu, orodha, na kitu chenye vitu ndani yake. Haina tarehe.

Kwa hiyo kila anayetuma tarehe kwa JSON lazima aamue ataiandikaje, na asipoamua, maktaba inaamua kwa niaba yake. Jackson ya wakati ule, ukiikabidhi tarehe ya Java ya mtindo wa zamani bila maelekezo, iliandika namba: ni milisekunde ngapi zimepita tangu saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Januari 1970, kwa saa ya Greenwich. Aliyezaliwa baada ya hapo ana namba chanya. Aliyezaliwa kabla yake ana namba hasi. Bibi alivyotoka kwenye kivinjari siku ya kwanza ya kusajiliwa, alikuwa hivi:

{"kadi": "0417", "kuzaliwa": -568090800000}

Niliitazama namba ile kwa muda mrefu. Mwanamke aliyelea watoto saba na kuuza ndizi Mbuyuni miaka thelathini alikuwa amekuwa hasi bilioni mia tano sitini na nane na zaidi.

Namba yenyewe ilikuwa sahihi. Nilipiga hesabu kwa mkono, nikahakikisha: ni saa sita kamili usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1952, Moshi ikiwa mbele ya Greenwich kwa saa tatu. Tatizo halikuwa kwenye stakabadhi. Lilikuwa kwa aliyeisoma.

*

Tulitoa majina yote yaliyowahi kulalamikiwa, tukayapanga kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa 1975 alikuwa salama. 1968, salama. 1963, salama. Kisha 1958: tarehe imesogea. 1955, imesogea. 1952, 1950, 1949, zote zimesogea.

Mwenzangu mmoja, Mpare wa Same ambaye hakosi neno, akasema, "Hawa ni watu wa kabla ya Uhuru. Mfumo wako, Mchagga, unamtafuta mkoloni." Tukacheka. Lakini mama mmoja aliyezaliwa Julai 1961, miezi mitano kabla ya bendera kupanda, hakuwa na tatizo lolote. Na mzee mmoja wa mwaka 1944 naye alikuwa salama kabisa. Mwaka 1944 mkoloni alikuwepo. Waliosogezwa wote walizaliwa kati ya 1948 na 1960.

Tukaona jambo la pili. Hawakusogezwa sawasawa. Mmoja alipoteza siku moja, mwingine tatu, mwingine tisa. Tulipolinganisha na mafaili, tukagundua kwamba siku zilizopotea ni mara ambazo kumbukumbu ya mgonjwa ilifunguliwa na kuhifadhiwa. Aliyekuja mara nyingi zaidi alikuwa ameondoka mbali zaidi na siku yake. Mhudumu alipoona kosa na kulirekebisha, mfumo ulihifadhi marekebisho yake ukiwa umeyapunguzia siku moja. Wahudumu walikuwa wamelaumiana kwa wiki kadhaa kuhusu nani hajui kuchapa.

Usiku huo niliifanya seva iandike saa kamili ya kila tarehe inayopokea. Nikamsajili mgonjwa wa majaribio, aliyezaliwa siku moja na bibi. Seva ikaandika: 31 Desemba 1951, saa 23:45.

Saa sita kasorobo usiku. Dakika kumi na tano.

*

Ipo orodha ya saa za dunia nzima, inayotunzwa na watu wa kujitolea. Ilianzishwa na Arthur David Olson nchini Marekani miaka ya 1980, na tangu 2011 inahifadhiwa na IANA, taasisi inayosimamia namba na majina ya intaneti. Orodha hiyo inajaribu kukumbuka kila uamuzi wa serikali kuhusu saa: nchi gani ilisogeza mishale, mwaka gani, kwa kiasi gani. Java hubeba nakala yake tumboni. Seva yetu ilikuwa na Java ambayo haikuwa imesasishwa kwa miaka kadhaa, na nakala yake ilisema hivi kuhusu Dar es Salaam: hadi 1931, mji ulifuata saa ya jua lake wenyewe, saa mbili, dakika thelathini na saba na sekunde nane mbele ya Greenwich. Kuanzia 1931, saa tatu kamili. Kuanzia 1948, saa mbili na dakika arobaini na tano. Kuanzia 1961, saa tatu tena, hadi leo.

Mwaka 1948 Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Waingereza, na orodha ile iliwapa majirani zetu Kenya na Uganda robo saa hiyohiyo. Saa mbili na dakika arobaini na tano ni katikati kamili ya saa mbili na nusu na saa tatu. Orodha hiyo imerekebishwa tangu wakati huo, lakini seva yangu ilijua kile tu ilichopewa.

Kivinjari cha dirishani hakikujua lolote kati ya hayo. Vivinjari vya wakati ule vilichukua tofauti ya saa ya leo na kuitumia kwa zamani zote. Kwa kivinjari, Moshi ilikuwa mbele kwa saa tatu mwaka 2016, na kwa hiyo ilikuwa mbele kwa saa tatu mwaka 1952. Kiliandika saa sita usiku kwa hesabu ya saa tatu. Seva ikaisoma kwa hesabu ya saa mbili na dakika arobaini na tano, ikaona bado dakika kumi na tano kabla ya mwaka mpya, ikaitupa saa kwa sababu hifadhidata ilitaka siku tu, ikaandika 31 Desemba 1951. Kesho yake ikaituma siku hiyo kwa kivinjari, mhudumu akabadilisha namba ya simu, akahifadhi, na dakika kumi na tano zikachukua siku nyingine.

Ni ratili na kilo. Namba ilisafiri, kipimo kikabaki nyumbani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa hili lingepaswa kuwa gumu kwa mtu anayezungumza Kiswahili. Sisi tunageuza saa kila siku. Simu inaandika 7:00, mdomo unasema saa moja, na hakuna anayechelewa kazini kwa sababu hiyo. Tunajua tangu utotoni kwamba namba iliyo kwenye saa na saa yenyewe ni vitu viwili. Hata magazeti yetu yana maneno yanayokinga kosa langu. Mwandishi anapotaka kusema tukio lilitokea usiku wa manane, hasemi tarehe tu. Anasema "usiku wa kuamkia Januari 1". Kwa maneno hayo, saa sita kasorobo na saa sita na robo ziko kwenye usiku mmoja, na mtoto aliyezaliwa kati yake hapotezi mwaka. Nilikuwa na lugha hiyo kinywani na sikuitumia, kwa kuwa nilidhani kazi ya kugeuza nimeshamwachia mtu mwingine.

*

Dawa ilikuwa rahisi kuliko ugonjwa. Tarehe ya kuzaliwa si nukta ya wakati. Ni siku, na siku haina saa wala haina Greenwich. Java yenyewe ililikubali hilo mwaka 2014, toleo la 8 lilipoleta namna mpya ya kutunza nyakati, kazi iliyoongozwa kwa sehemu kubwa na Stephen Colebourne. Ndani yake kuna aina ya tarehe isiyobeba saa kabisa, LocalDate. Tukaisasisha Java, tukaachana na milisekunde, tukamfundisha Jackson aandike maandishi matupu: "1952-01-01". Kila upande ukaisoma kama ilivyo. Mistari minne ya msimbo.

Kuponya waliokwisha kuumia hakukuwa kwa mistari minne. Mfumo haukuweka kumbukumbu ya thamani za zamani, kosa jingine langu. Hatukuweza kuwaongezea wote siku moja, kwa kuwa kila mmoja alipoteza siku zake. Ilibidi turudi kwenye karatasi. Rejesta ya wagonjwa wa nje, ile ya MTUHA, haikutusaidia, maana huandika umri tu. Tukafungua mafaili ya kadi, moja baada ya jingine, kwa wiki tatu, jioni baada ya kituo kufungwa, nikisoma kwa sauti na mwenzangu akichapa. Katika wiki hizo sikumsikia akinitania.

Niligundua pia kwamba hatukuwa wa kwanza kukutana na wazee na tarehe zao. Ng'ambo ya mpaka, Eldoret, mfumo wa OpenMRS ulianza kutumika Februari 2006. Nao ni wa Java, nao hutumia kivinjari, nao hutoa kumbukumbu za mgonjwa kwa JSON. Wazo lake lilianza mwaka 2004, Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani walipokwenda kuona kazi ya kuhudumia wagonjwa wa UKIMWI huko, ikishuka kutoka kwenye mfumo mdogo wa kituo cha Mosoriot. Katika JSON ya OpenMRS, pembeni ya tarehe ya kuzaliwa, kuna sehemu ndogo inayoitwa birthdateEstimated. Ina majibu mawili tu, kweli au si kweli, na swali lake ni: tarehe hii tumeikadiria? Aliyeiweka alijua anaandikia watu gani.

Sisi hatukuwa na sehemu hiyo. Nilipokuwa nikisoma mafaili kwa sauti, niliona kwa nini tunaihitaji. Tarehe 1 Januari. Tarehe 1 Januari. Tarehe 1 Julai. Tarehe 1 Januari. Ukiamini karatasi, nusu ya wazee wa mlimani walizaliwa asubuhi ya mwaka mpya.

Miaka mitatu baadaye, 2019, kila mtu alipokuwa kwenye foleni ya namba ya NIDA ili laini yake ya simu isifungwe, kijana tuliyemwajiri aliandika sehemu ya kupokea namba hizo. Namba ya NIDA ina tarakimu ishirini, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa kuwa inaitwa namba, aliituma kama namba. Namba nzima kubwa kabisa ambayo aina ya kawaida ya Java huibeba ina tarakimu kumi na tisa, na JavaScript huanza kukosea baada ya kumi na sita, bila kulalamika. Tarakimu za mwisho za watu zikawa zinabadilika njiani. Nilimwambia aiandike kama maandishi, ndani ya alama za kunukuu. "Lakini ni namba," akasema. Nikamuuliza kama ana mpango wa kuijumlisha. Kisha nikamsimulia habari ya bibi.

*

Tulipomaliza kurekebisha mafaili, nilipanda Kibosho Jumapili na kompyuta yangu. Bibi alikuwa akichambua maharage barazani. Nikamwambia amerudi kuwa mtu mmoja. Akasema ameshukuru. Nikamuuliza kama kweli alizaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza.

"Nani alikuambia?"

"Karatasi zote, bibi."

Akaendelea kuchambua. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa kahawa zikiwa kwenye vichanja, mwaka Mangi Mkuu aliposhika kiti. Mangi Mkuu ni Thomas Marealle, na mwaka ni 1952. Lakini huku kwetu kahawa huchumwa kuanzia mwezi wa saba hivi hadi Desemba. Januari vichanja vinakuwa vitupu.

"Karani aliniuliza tarehe," bibi akasema. "Nikamwambia habari ya kahawa na habari ya Mangi. Akaandika, hakuniuliza tena. Nilipokuja kusomewa, nikakuta ni tarehe moja mwezi wa kwanza."

Kwa hiyo kwa wiki tatu nilikuwa nikimrudisha bibi kwenye siku ambayo hakuzaliwa. Kabla ya Jackson, kabla ya kivinjari, kuna mtu alishamgeuza kuwa maandishi, na lilipokosekana jibu linaloingia kwenye safu, akajaza alichokizoea. Nikamwambia bibi tunaweza kuomba ibadilishwe.

"Ya nini? Ndiyo iliyo kwenye kadi, ndiyo iliyo kwenye kura, ndiyo iliyo benki. Nimeshaizoea. Ukiibadilisha, si nitakuwa watu wawili tena?"

Nikafungua kompyuta, nikamwonyesha kumbukumbu yake ilivyo sasa. Macho yake bado ni mazuri, na alisoma polepole kwa kidole, akiruka mabano kama mtu anayeruka madimbwi. Chini ya tarehe kulikuwa na sehemu mpya niliyoiongeza wiki ile: "imekadiriwa": true.

"Hilo neno la mwisho ni nini?"

"Maana yake ni kweli, bibi. Tumeiweka kuonyesha kwamba tarehe hiyo hatuna hakika nayo."

"Hamna hakika, halafu mnaandika kweli?"

"Ni kweli kwamba imekadiriwa."

Alikaa kimya, akaitazama tena. "Hapo sawa," akasema. Akachukua ungo wake, akaenda jikoni kubandika maharage.